Amri ya jaji haikumpa binti yangu uraia

Kwetu Wasamia, mpaka wa Busia ni barabara tu yenye malori mengi. Jamaa za mume wangu wako Kenya, wengine wako Uganda, na matanga yakitokea tunavuka wote. Dada yake wa upande wa mama (shuleni wangesema binamu) alipofariki Tororo wiki chache baada ya kujifungua, na baba wa mtoto akiwa ametangulia, hakuna aliyeuliza mtoto ataenda kwa nani. Nilimpokea akiwa amefungwa kwa leso ya njano, nikarudi naye Kisumu.

Alipofika miaka mitano tukamuasili kisheria. Afisa wa watoto alikuja nyumbani, akaangalia mahali anapolala, akazungumza na majirani. Jaji wa Mahakama Kuu alipotia sahihi nililia mbele ya watu. Ile amri, na cheti cha kuasiliwa kilichofuata, nilivitia kwenye bahasha ya kaki chini ya nguo zangu za kanisani, nikajua yamekwisha.

Kumbe bado. Mwaka jana timu yake ya netiboli ilifuzu kwenda kucheza nje ya nchi. Nikaibeba bahasha yangu hadi kwenye ofisi moja ya serikali. Afisa, kijana mwenye adabu, alisoma ukurasa kwa ukurasa, kidole chake kikatua pale palipoandikwa mahali alipozaliwa. "Mama, hii inasema wewe ni mzazi wake. Haisemi yeye ni Mkenya." Binti yangu alikuwa amesimama kando yangu na sare ya shule, begi mgongoni. Timu ilisafiri bila yeye.

Tangu siku hiyo nimeisoma Katiba ya 2010 kwa makini. Kifungu cha 15 kinasema mtoto asiye raia akiasiliwa na raia ana haki ya kusajiliwa kuwa raia, akiomba. Hilo neno "akiomba" ndilo lililotuponyoka, na hakuna aliyetutajia, si pale mahakamani wala popote. Na mtoto, kwa Katiba hiyo hiyo, ni mtu aliye chini ya miaka 18. Nilipojua hilo nilihesabu miezi kwa vidole.

Kuna jambo lingine linaloniuma. Kifungu cha 14 kinasema mtoto akiokotwa Kenya, akionekana hajafika miaka minane, na wazazi wake na uraia wake havijulikani, anachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Ni sheria ya huruma na ningeitetea popote. Lakini wangu, ambaye ukoo wake unajulikana hadi kwa babu, aliyepita mikononi mwa jaji, ndiye anayebaki mgeni mpaka mtu ajaze fomu.

Marekani walijifunza hili kwa uchungu. Familia nyingi zilileta watoto kutoka nje zikidhani kuasili kunatosha, hazikuwaombea uraia. Sheria waliyopitisha mwaka 2000, ikaanza kazi tarehe 27 Februari 2001, ilisema mtoto aliyeasiliwa na raia, akiwa chini ya miaka 18, akiishi na mzazi huyo kwa ukaazi wa kudumu, anakuwa raia bila kuomba. Ila waliokuwa wameshafika 18 siku hiyo waliachwa nje. Baadhi yao walirudishwa Korea Kusini, nchi waliyotoka wakiwa wadogo, ambayo hata lugha yake hawaijui.

Sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi. Jaji akishatoa amri, nakala iende moja kwa moja kwa wanaosajili uraia. Uchunguzi umeshafanywa, mzazi ameshaonyesha kitambulisho chake. Mama muuza samaki wa Usenge au Port Victoria atajuaje kwamba safari ya mahakamani ilikuwa nusu ya safari?

Mpaka hilo lifanyike, kama umeasili mtoto aliyezaliwa Uganda, Tanzania au Kongo, itoe bahasha yako leo uangalie kama ndani kuna cheti cha uraia. Amri ya mahakama si cheti hicho. Usingoje mtihani, wala safari, wala kitambulisho.

Maombi ya binti yangu tumeshapeleka. Anatimiza miaka 18 mwezi wa nane. Kila akipiga simu kutoka bwenini, hata kabla ya salamu, ananiuliza, "Mama, wamejibu?"