Panueni, panueni!

Jamani, Dodoma hii! Barabara za Dar, Iringa, Singida na Arusha zote zinakutana hapahapa mjini, Serikali nayo ikaanza kuhamia 2016 na mashangingi yake, halafu tunashangaa foleni. Dawa ya kila mtu ni moja: panueni barabara. Sawa, lakini mimi asubuhi nakwama kwenye makutano. Anayekata kulia kaziba njia, bajaji zimejipenyeza mbele yake, daladala inashusha abiria palepale konani (konda anakupungia mkono, “subiri bosi”). Taa imewaka kijani mara mbili, sijasogea. Hata mkiniwekea njia sita, zote si zitaishia kwenye taa ileile? Kabla hamjabomoa vibanda vya watu, hebu sogezeni hicho kituo cha daladala mita 50 tu kutoka konani.