Kufunga Guantánamo: dai la haki lililoishia nusu ya njia

Kila ifikapo Januari 11, wanaharakati wa haki za binadamu hukusanyika Washington, karibu na Ikulu ya Marekani, wakiwa wamevaa ovaroli za rangi ya chungwa kama zile walizovalishwa wafungwa wa mwanzo wa gereza la kijeshi la Guantánamo, na kudai gereza hilo lifungwe. Lilipokea washukiwa wake 20 wa kwanza wa ugaidi tarehe kama hiyo mwaka 2002, katika kambi ya jeshi la majini iliyo kwenye ardhi ya Cuba ambayo Marekani inaishikilia kwa mkataba wa upangaji wa tangu 1903. Tangu hapo wamepitia humo watu wapatao 780, na walio wengi waliondoka bila kusomewa shtaka hata moja. Mwanzoni mwa 2025, baada ya Wayemeni 11 kupelekwa Oman, walibaki 15. Dai la wanaharakati ni la haki na ninaliunga mkono, lakini kwa jinsi linavyotamkwa linaacha bila kujibiwa jambo ambalo sisi wa mkoa wa Mtwara hatuwezi kulipita kimya.

Mnamo Oktoba 2020, watu wenye silaha walivuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji, wakakivamia kijiji cha Kitaya, wakaua na kuchoma nyumba. Ng'ambo ya mto, mkoa wa Cabo Delgado ulikuwa umeshawaka tangu shambulio la Mocímboa da Praia la Oktoba 2017, na watu wa huko, ambao baadhi yao ni ndugu zetu Wamakonde, walikimbilia upande wetu. Kwa mtu aliyepoteza nyumba usiku ule, swali la kwanza si la kikatiba. Atakuuliza: wakishafunguliwa milango, wafungwa wa Guantánamo wataenda wapi, na nani atanihakikishia hawatarudi? Ni swali halali, na taarifa za ujasusi za Marekani yenyewe zimekiri kwamba baadhi ya walioachiwa walirudi kwenye mapigano. Wanaotetea gereza hilo wanaongeza kuwa askari aliyemkamata mtu vitani hakuwa na nafasi ya kuandika maelezo ya mashahidi wala kutunza vielelezo kama afanyavyo mpelelezi wa polisi.

Hoja hiyo ilipimwa katika kesi moja inayotuhusu sisi Watanzania moja kwa moja. Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, alikamatwa Pakistan mwaka 2004 akihusishwa na mlipuko wa Agosti 7, 1998 kwenye ubalozi wa Marekani jijini Dar es Salaam, ambao uliua watu 11 siku ileile ambayo mlipuko wa Nairobi uliua zaidi ya 200. Alifichwa kwanza katika magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, akafikishwa Guantánamo mwaka 2006, na mwaka 2009 akapelekwa New York, akawa mfungwa pekee wa gereza hilo aliyeshtakiwa katika mahakama ya kiraia ya Marekani. Huko, Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi muhimu wa upande wa mashtaka, mtu aliyetarajiwa kueleza kuwa ndiye aliyemuuzia mshtakiwa vilipuzi, kwa sababu serikali ilimfahamu kutokana na maneno aliyoyatoa Ghailani kwa kulazimishwa. Novemba 2010 jopo la raia 12 lilimwona hana hatia katika mashtaka 284 kati ya 285.

Watetezi wa Guantánamo walilipokea tokeo hilo kama ushahidi wao: mahakama ya kawaida ilibakiza kidogo tu imwachie gaidi. Mimi nalisoma kinyume kabisa, kwa sababu shtaka hilo moja lilitosha, na Januari 2011 Ghailani alihukumiwa kifungo cha maisha. Kilichoidhoofisha kesi kilifanyika kwenye vyumba vya siri, miaka kadhaa kabla jaji hajaona jalada. Waliomlazimisha azungumze ndio waliowanyima wafiwa wa Dar es Salaam na Nairobi nafasi ya kusikia ushahidi wote.

Linganisha na mahakama ya kijeshi iliyoundwa Guantánamo kwenyewe. Waandishi na ndugu wa marehemu hukaa nyuma ya kioo kizito, sauti ikiwafikia baada ya sekunde 40, ili ofisa apate muda wa kuikata iwapo jambo la siri litatamkwa. Khalid Sheikh Mohammed na wenzake, wanaoshtakiwa kwa mashambulio ya Septemba 11, 2001, walisomewa mashtaka mwaka 2012. Julai 2024 yalifikiwa makubaliano ya kukiri kosa, siku chache baadaye Waziri wa Ulinzi, Lloyd Austin, akayafuta, na Julai 2025 mahakama ya rufaa ikaukubali ufutaji huo. Miaka 13 tangu kusomewa mashtaka, kesi yenyewe ilikuwa haijaanza kusikilizwa. Aliyefiwa na mwanawe siku ile amepata nini katika utaratibu huu?

Hata hivyo, kampeni ya kufunga nayo ina udhaifu wake, na ni vizuri usemwe na anayeiunga mkono. Barack Obama alitia saini amri ya kulifunga gereza hilo Januari 22, 2009, kisha Bunge la Marekani likazuia wafungwa wasiingizwe nchini humo. Mara nyingi hadithi huishia hapo, ilhali mpango wa Obama wenyewe ulikuwa ni kuwahamishia baadhi yao kwenye gereza la Marekani bara na kuendelea kuwashikilia bila kuwashtaki. Mtanzania mmoja, mvuvi, alikamatwa Mogadishu mwaka 2003, akateswa, akashikiliwa katika gereza la jeshi la Marekani la Bagram nchini Afghanistan hadi 2008 na kuachiwa bila shtaka. Guantánamo hakufika kamwe. Gereza hilo lingefungwa mapema kiasi gani, yeye lisingemsaidia.

Na hatuna haja ya kwenda Bagram. Masheikh wa Uamsho, kundi la Kiislamu la Zanzibar, walikaa mahabusu miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, kesi ikitajwa na kuahirishwa, mpaka mashtaka yalipofutwa Juni 2021. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la mahakama zetu ameisikia sentensi ile: upelelezi haujakamilika. Ibara ya 13 ya Katiba yetu inakataza mshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika, lakini kwa kosa lisilo na dhamana, mahabusu ya miaka saba ni kifungo. Baadhi ya wanaoilaani Guantánamo kwa sauti kubwa hunyamaza hapa. Mkuki kwa nguruwe, walisema wazee.

Kwa hiyo dai ningelitaka liwe hili: kila aliyeshikiliwa ashtakiwe mbele ya mahakama huru ndani ya muda unaojulikana, au aachiwe, popote alipo. Linamjibu mwananchi wa Kitaya pia, kwa kuwa mtu ambaye kuna ushahidi dhidi yake hatafunguliwa mlango. Atahukumiwa kama Ghailani. Mkenya aliyekamatwa Mombasa mwaka 2007 na kupelekwa Guantánamo aliambiwa Desemba 2021, na bodi ya Marekani yenyewe, kwamba hakuna tena haja ya kumshikilia, lakini hakurudishwa Kenya hadi Desemba 2024. Miongoni mwa 15 waliobaki Januari 2025, watatu walikuwa na kibali kama chake. Kampeni ianze na hao watatu, kwa majina yao, na serikali za nchi zinazoweza kuwapokea, za Afrika zikiwemo, ziulizwe hadharani zinasubiri nini.