Tunachangia Wazo au Tunamchangia Mtu?

Mwaka 2014 Mmarekani Ryan Grepper aliweka kwenye Kickstarter, tovuti ambako watu huchangia miradi mipya, wazo la deli la barafu lenye blenda, spika na chaja ya simu. Akaliita Coolest. Aliomba dola 50,000, akapata zaidi ya milioni 13 kutoka kwa watu zaidi ya 62,000.

Mtazame kwenye video yake. Mchangamfu, hana wasiwasi, anakuongelesha kana kwamba mlisoma wote. Ukimaliza hujiulizi mzigo utasafirishwa kwa bei gani. Unataka tu kuwa upande wake.

Kilichofuata ni aibu. Gharama zilizidi pesa iliyokusanywa. Mwaka 2015, wachangiaji wakiwa bado wanasubiri, madeli yakaanza kuuzwa Amazon kwa bei kubwa zaidi ili kampuni ipate hela ya kutengeneza mengine. Ilipofungwa 2019, takriban wachangiaji 20,000 walikuwa hawajapata deli. Na hawa hawakuwa wanahisa; Kickstarter huuziwi hisa, unasubiri bidhaa tu.

Wanaosema haiba ndiyo kila kitu nao wasikimbilie kushangilia. Grepper huyuhuyu alijaribu mwishoni mwa 2013 akashindwa kufikisha lengo. Nani Marekani anawaza deli la barafu wakati theluji inaanguka? Haiba inashika pale ambapo mtu keshakitamani kitu.

Ila ikishashika, tumekwisha. Hapa ndipo kamati zetu za harusi zinapowazidi akili wachangiaji wa mtandaoni. Mwenyekiti tunamchagua kwa mdomo wake: ajue kuchekesha, ajue kuwabana watu watoe ahadi. Mweka hazina tunamtafuta mwingine, ikiwezekana yule bahili asiyecheka na mtu, anayesoma majina ya wasiolipa bila kupepesa macho. Mtandaoni mtu mmoja anabeba vyeo vyote viwili, na cha pili tunampa kwa sifa za cha kwanza.

Ndiyo maana mimi naanza na sehemu ya hatari na changamoto, ambayo Kickstarter huwataka wenye miradi waijaze. Akiandika "tuna timu yenye uzoefu" halafu basi, napita. Akieleza kwamba kalibu ya kumiminia plastiki ikikosewa atachelewa miezi mitatu, na hasara hiyo ataifidia kutoka wapi, hapo natoa kadi ya benki, hata kama video yake inasinzisha.