Homoni inayokuza seli ndo hiyo hiyo inayozima dawa, sasa tuitumie vipi?

Kuna ua dogo la pinki au jeupe, petali tano, asili yake Madagaska, huku kwetu watu wanalipanda tu mbele ya nyumba kwa sababu halisumbui hata jua likiwaka vipi. Kitaalamu ni Catharanthus roseus. Kwenye majani yake ndo zinatoka vinblastini na vinkristini, alkaloidi (kemikali za mmea) zinazotibu saratani, na hiyo vinkristini wanapewa watoto wenye leukemia, yaani saratani ya damu, na wale wenye uvimbe wa Burkitt, saratani ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza akiwa Kampala mwaka 1958. Shida mmea unatoa kiduchu mno, inatakiwa zaidi ya kilo 500 za majani makavu kupata gramu 1 tu ya vinblastini. Mwaka 2019 vinkristini iliadimika hata Marekani, wazazi wa watoto wagonjwa wakabaki roho juu.

Ndo maana wazo la kuotesha seli za huu mmea kwenye chupa za maabara, kama tunavyofanya migomba ya tishu, linavutia sana. Unazipa seli chakula na homoni, zinazaliana, unavuna dawa. Ila kuna ubishi: wapo wanaoamini ukipatia homoni seli zitatoa dawa, na wapo wanaopinga.

Sasa kasheshe iko kwenye homoni. Ili seli zizaliane haraka wengi wanatumia oksini, homoni ya kukuza mmea, iitwayo 2,4-D, ndo hiyo hiyo wakulima wanapulizia kuua magugu ya majani mapana kwenye mahindi, ila maabara inawekwa kidogo sana. Seli zinakua kweli, zinajaa chupa, lakini ukipima alkaloidi unakuta karibu hamna kitu, maana oksini inazima jeni inayotengeneza triptamini, na bila triptamini hakuna malighafi ya kuanzia. Iondoe 2,4-D, ongeza saitokinini, kundi lingine la homoni za mmea, kama zeatini, alkaloidi zinapanda. Meinhart Zenk na wenzake Ujerumani walilifanyia kazi hili mwaka 1977, wakawa wanakuza seli kwanza kwenye chakula kimoja halafu wanazihamishia kwenye kingine cha kuzalishia, wakapata alkaloidi nyingine za mmea huu, ajmalisini na serpentini, kwa wingi.

Kwa hiyo wanaoamini homoni wana hoja, na hoja nzito. Ukiongeza na jasmoneti, ile homoni ambayo mmea unaitoa ukitafunwa na wadudu, jeni nyingi za njia ya alkaloidi zinaamka kwa pamoja.

Lakini ajmalisini sio vinblastini jamani. Vinblastini inaundwa na vipande viwili, katharantini na vindolini, na hiyo vindolini seli za kwenye chupa haziitengenezi, au zinatoa kidogo mno, kwa sababu hatua zake za mwisho zinataka mwanga, zinataka kloroplasti (vile vichembe vya kijani vya kwenye jani), na zinataka seli maalum zilizomo ndani ya jani. Hata uchanganye homoni usiku kucha, bonge la seli lisilo na jani halina mahali pa kuifanyia hiyo kazi. Hapa naona wanaopinga wamepatia kabisa.

Mi naona njia yenye maana ni kutumia saitokinini kuchipusha vijani vyenyewe ndani ya chupa, maana vichipukizi vinatoa vindolini. Ubaya wake vinakua polepole, na kuviotesha kwenye matangi makubwa ni kazi kweli kweli, wakati shambani jani linaota kwa jua la bure na maabara inalipa umeme.

Halafu kuna hili linaniuma. Matokeo mengi yanatangazwa kwa miligramu kwa gramu ya seli kavu, yanapendeza, kumbe jasmoneti imesimamisha ukuaji na seli zenyewe zimebaki chache, ukipiga hesabu kwa lita nzima kwa siku faida inayeyuka. Mgonjwa anahitaji dawa ya kujaza chupa ya sindano, kwa hiyo anayetaka tuamini homoni yake atupe namba ya lita na siku, sio ya gramu peke yake.