Mdogo wangu amepewa hifadhi, nami sijui niitikie vipi pongezi

Jumapili mdogo wangu alipiga simu kutoka Kanada. Mama alikuwa barazani hapa Mikindani anamenya ming'oko, sinia mapajani. Nikaweka sauti kubwa. "Mama, wamenikubalia. Nimepewa hifadhi." Mama akainua mikono, akamshukuru Mungu, akalia. Kabla hata hajafuta machozi akauliza: "Sasa unakuja lini?"

Kule kukawa kimya.

Kufika jioni mtaa mzima ulishajua. Wanakuja na hongera zao: dogo katusua, sasa jengeni. Naitikia ahsante kwa kuwa wanatutakia heri, lakini neno hilo linanichoma. Hifadhi ya kisiasa haipewi mtu kwa bahati yake. Ilibidi akae mbele ya wageni, mkalimani pembeni, awasimulie usiku ule aliochukuliwa, mambo ambayo hata mimi dada yake hajapata kuniambia. Wakamwamini. Maana yake nchi ya watu imeandika kwenye karatasi kwamba kwetu hakumfai kuishi. Hilo nalipongezaje?

Nimefurahi, tena sana. Miaka miwili aliyosubiri majibu, simu ikiita usiku nilidhani amerudishwa. Sasa nalala.

Ila hati ya kusafiria atakayopewa mkimbizi kule inamruhusu kwenda nchi zote isipokuwa ile aliyoikimbia. Na kwa Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, anayejirudisha mwenyewe kwenye ulinzi wa nchi yake anaweza kupoteza hadhi hiyo. Kwa hiyo Nairobi anaweza kufika, Mtwara hapana. Mama ana miaka sabini na mitatu. Sitaki kuimalizia hesabu hiyo.

Babu yetu wa Newala alitusimulia habari za Mmakonde mwenzake aliyevuka Ruvuma vita vya Msumbiji vilipoanza mwaka 1964. Babu akamkatia shamba. Yule bwana alilima muhogo na mtama, lakini mkorosho alikataa kupanda, akisema huo ni mti wa mtu anayekaa. Jioni alikwenda Shimo la Mungu, pale ukingoni bonde linapofunguka, akasimama kutazama ng'ambo. Msumbiji ilipopata uhuru Juni 1975, akafunga mzigo. Alikuwa na shamba, chakula, na watu wa lugha yake, na bado kila jioni alitazama kwao. Mdogo wangu yuko kwenye theluji. Atasimama wapi atuone?

Wenye ndugu waliopata hifadhi, naomba mkiwapigia simu msianze na habari za pesa. Waulizeni kwanza wamelalaje.

Habari ya ile hati sijamwambia mama. Jana amenituma nikapalilie mikorosho ya mwanawe, isije ikamezwa na nyasi kabla hajaja.