Ofisi Ziko Tupu, Kodi Inapandishwa Kwangu

Mwenye nyumba wangu katuma ujumbe kwenye grupu la wapangaji: kuanzia mwezi ujao kodi inaongezeka elfu mbili, "kwa kuwa wengine wenu siku hizi mnashinda ndani na kompyuta." Nimetafuta mantiki sijaiona. Stima najinunulia tokeni. Maji yana mita. Labda nazimaliza kuta kwa kuzitazama.

Ukweli ni kwamba amesikia watu wa kazi za mtandaoni tunalipwa dola. Ni kweli. Ni ngapi, hiyo hajauliza.

Sasa shuka mjini Kisumu, pita Oginga Odinga Street uinue macho. Chini maduka yamebanana, hadi kwenye ngazi kuna mtu anauza kava za simu. Panda juu kidogo: madirisha yana vumbi, na bango la kupangisha limepigwa na jua hadi namba ya ajenti haisomeki. Niliwahi kuingia jengo moja la aina hiyo. Mlinzi alihangaika na kufuli, mlango ukafunguka. Zulia bado lilikuwa na alama za miguu ya meza za waliohama, nyaya za simu zikining'inia ukutani.

Nikamuuliza ajenti masharti. Kodi ya robo mwaka mkononi, amana, ada ya huduma, VAT ya asilimia 16, na mkataba wa miaka mitano na miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu haikuwekwa kwa bahati. Mkataba usiozidi miaka mitano unaweza kuangukia Sura 301 ya sheria za Kenya, ile sheria ya wapangaji wa biashara, na hapo mwenye jengo hakupandishii kodi wala kukufukuza anavyotaka. Kuna baraza la kuamua. Yaani mtu ana ghorofa nzima inayolala na popo, na jambo la kwanza analolilinda ni uhuru wa kukukamua baadaye!

Huu ni mji wa kupimiwa. Nenda soko la Kibuye: mahindi kwa gorogoro, mafuta ya kupikia unapimiwa ya leo tu, na muuzaji anapata faida yake vizuri. Ofisi peke yake ndiyo lazima ununue gunia zima. Sisi tunaohitaji meza, kiti na soketi kwa siku mbili tatu kwa wiki tuko wengi. Tunabaki bedsita tukiongea na wateja huku jirani anachomelea geti. Juzi mteja wa Toronto aliniuliza kwa upole kama nafuga kuku.

Haya, nakubali: wenye majengo wengi walijenga kwa mkopo, na benki iliangalia kodi inayotarajiwa. Ukimpunguzia wa ghorofa ya nne, wa ghorofa ya pili naye atabisha hodi. Lakini kodi kubwa ya karatasini hailipi hata mshahara wa yule mlinzi. Na wanaosema ofisi zigeuzwe nyumba, waende kwanza waone choo kimoja mwisho wa korido na mita moja ya ghorofa nzima.

Nimempigia yule ajenti tena, nikampa pendekezo la kulipa kwa siku. Akacheka sana. Akaniuliza, "Kwani hapa ni gesti?"