Soko linabaki upande gani?
Nimesoma hii habari ya vijiji kutaka kujitoa kwa manispaa yao waunde yao wenyewe na sijui nicheke ama nilie. Mimi naishi Githurai lakini ploti ya mzee iko huko ushago, tukaingizwa manispaa bila mtu kutuuliza, saa hii leseni ya duka la mama imepanda na barabara ni ile ile ya matope, taa ya mtaa ni moja tu pale stendi na imezimika. Kwa hivyo nawaelewa kabisa. Lakini kuchora mpaka ndio rahisi. Sheria ya miji ya Kenya ya 2011 vile ilirekebishwa 2019 inataka manispaa iwe na watu wasiopungua 50,000, halafu gavana ndio anatoa hati ya kuwa manispaa baada ya bunge la kaunti kupitisha, msifikiri mkipiga makofi barazani imeisha. Na si kama zile kanjo (mabaraza ya miji) za zamani kabla ya 2013 mlikuwa mnachagua diwani, siku hizi ni bodi na meneja (na kibao kikubwa kwa barabara, hicho hakikosi).

Swali langu ni soko linaenda upande gani? Maana ushuru uko hapo, mama mboga analipishwa asubuhi hata kabla auze sukuma ya kwanza. Mkiachiwa mashamba ya mahindi peke yake mtatoza nani, ng'ombe?